Taa ya Gari Inapounguza Soketi Yake

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo dogo ambalo nusura litutoe roho.

Jirani yangu mmoja hapa Mata ana gari la kuchukulia ndizi. Usiku mmoja alinipa nafasi kwenda Voi. Tulipofika kati ya Taveta na Maktau, ambapo njia yapita katika mbuga ya Tsavo Magharibi, taa ya kulia ikazimika, na harufu ya plastiki inayoungua ikatujia. Mbele yetu ndovu walikuwa wakivuka njia. Tuliwaona kwa taa moja tu, nao hawakuwa mbali.

"Bwana karani," mzee akaniambia, "taa hii ilikuwa hafifu, nikaitia globu ya wati 100. Sasa imekufa kama zile mbili za kwanza."

Kulipopambazuka tukaichomoa. Kumbe globu ilikuwa nzima! Iliyoharibika ni soketi yake: tundu moja kati ya yale matatu lilikuwa jeusi, na plastiki imeyeyuka. Yamkini hata zile globu mbili alizozitupa zilikuwa nzima.

Sababu ni hii. Umeme ukipita mahali palipolegea au penye kutu huzuiliwa, na kuzuiliwa huko huzaa joto. Mwaka 1841 Mwingereza James Joule alionyesha kuwa umeme ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Globu ya wati 55 kwa betri ya volti 12 huvuta ampea 4.6 hivi, ya wati 100 huvuta zaidi ya 8. Basi mahali pale pale palipolegea, joto huzidi mara tatu. Mzee alitafuta mwangaza, akauongeza moto.

Wengine watauliza, mbona fyuzi haikukatika? Fyuzi hukatika umeme unapopita kiasi, kizuizi huupunguza. Kwa hiyo fyuzi hukaa salama huku soketi ikiungua.

Namna ya kupima ni rahisi. Washa taa. Chukua kipimo cha volti, mkono mmoja uguse ncha ya betri yenye alama ya kujumlisha, wa pili uguse waya wa taa iliyowashwa, pale uingiapo katika soketi. Kisha fanya vivyo hivyo kwa waya wa bodi na ncha ya kutoa. Mwisho pima kati ya kila waya na mguu wake wa globu. Ukiona zaidi ya nusu volti, hapo ndipo penye ugonjwa.

Dawa yake si kuzungushia utepe. Kata waya mpaka shaba ing'are, funga soketi mpya ya kauri, ubane ncha barabara, na urudishe globu ya kiasi kilichoagizwa na watengenezaji wa gari.

Dalili ya mvua ni mawingu. Taa ikififia upande mmoja, usingoje ndovu akukumbushe.