Mke wa Kiongozi Naye Ana Dhamana

Katiba ya Jamhuri ya Muungano imeeleza kwa kirefu madaraka ya Rais, lakini haikumpa mke wa Rais madaraka yoyote ya kuendesha nchi. Hata hivyo, kila mwananchi anajua kwamba mke wa kiongozi ana nguvu. Yeye husikilizwa nyumbani wakati mawaziri wanasubiri barazani. Nguvu hiyo hudumu. Visiwani, Mama Fatma Karume alikuwa mke wa Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyeuawa mwaka 1972, kisha akawa mama wa Rais wa mwaka 2000 hadi 2010, na heshima yake haikupungua katika miaka yote ya kati.

Kuwa na nguvu hiyo si kosa. Hatari yake ni kwamba haikupigiwa kura, na kwa hiyo haina wa kuiuliza.

Waasisi wa Taifa hili waliliona jambo hilo mapema. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipoweka masharti ya uongozi, lilimhesabu mume pamoja na mkewe, na mke pamoja na mumewe, kuwa ni kiongozi. Sababu yake ni nyepesi. Kiongozi akikatazwa kupangisha nyumba au kuwa na hisa katika kampuni, na mkewe akaachiwa, sharti hilo litakuwa pambo tu. Utekelezaji ulianzia juu. Mwalimu Nyerere aliuza nyumba yake ya Magomeni, na Mama Maria Nyerere akatoa shamba lake la kuku la Mjimwema, likawa mali ya kijiji cha ushirika.

Azimio hilo lilikuwa la TANU. Vyama vya TANU na Afro-Shirazi vilipoungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, masharti hayo yakawa ya pande zote mbili za Muungano. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, iliyalegeza. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ilibakiza sehemu tu ya wazo lile, kwa kumtaka kiongozi atamke pia mali ya mwenzi wake wa ndoa.

Baada ya hapo ikaja mifuko ya hisani. Mwaka 1997 Mama Anna Mkapa aliasisi Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote, na mwaka 2006 Mama Salma Kikwete akaasisi WAMA. Mifuko hiyo imewainua wanawake wenye biashara ndogo na kusomesha watoto wa kike. Hatuibezi kazi hiyo hata kidogo.

Lakini tuulizane. Tajiri akichangia leo mfuko wa mke wa Rais aliye madarakani, na kesho akaomba zabuni ya Serikali, afisa anayefungua bahasha atamtazamaje? Na fundi seremala wa Keko, atengenezaye vitanda na makabati kando ya barabara, asiye na cha kuchangia, atashindanaje naye katika zabuni ya madawati? Si lazima Ikulu iagize lolote. Afisa mwoga hujiagiza mwenyewe.

Kwa hiyo tunasema mambo mawili. Kwanza, kila mfuko wa mwenzi wa kiongozi, Bara na Visiwani, utangaze kila mwaka majina ya wachangiaji na kiasi walichotoa, wakati kiongozi huyo angali madarakani. Pili, afisa wa Serikali apokeaye kimemo kwa jina la mke wa mkubwa akiweke katika jalada, kionekane. Mke wa kiongozi atakaye siasa ana njia ya wazi, nayo ni kura. Mama Salma Kikwete mwenyewe aliipita njia hiyo mwaka 2020, alipochaguliwa Mbunge wa Mchinga.

Wala asiwepo adhaniye kwamba tunawaandama wanawake. Tarehe 19 Machi 2021 Jamhuri ilipata Rais mwanamke wa kwanza, naye ni mzaliwa wa Zanzibar. Azimio la mwaka 1967 lilikwisha kumtaja mume wa kiongozi pia, miaka 54 kabla ya siku hiyo. Dhamana ya uongozi huingia nyumbani pamoja na kiongozi, na wote wanaoishi chini ya dari hilo wanapaswa kuibeba hadharani.