Wapeni wanafunzi swali la Nyalali

Somo la siasa halinogi kwa kunakili maelezo ubaoni. Kipindi kizuri huanza na swali linaloweza kuwagawa hata walimu wenyewe. Mimi hufundisha historia na uraia, na swali langu ni Tume ya Nyalali.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi wa Tanzania aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni: tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi? Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Mwisho huo usiwaambie wanafunzi mapema. Wape takwimu ya maoni tu, wagawe katika makundi ya wajumbe, kila kundi liandike pendekezo lake kwa Rais na sababu mbili. Wakishawasilisha, ndipo utaje uamuzi halisi. Hapo hata wa dawati la nyuma watanyoosha mikono: wengi wape, au wachache nao wana haki yao? Kazi ya nyumbani, wamuulize mzee mmoja alitaka nini wakati ule, na kwa nini.

Dakika 40 hazitoshi; omba vipindi viwili mfululizo. Na mjadala ukihamia kwenye vyama vya leo, warudishe 1992. Kazi yetu ni kuwafundisha kupima hoja, si kuwapigia kampeni.