Waraka wa Wazi kwa Makavazi ya Kitaifa: Sauti za Simmers Zisipotee

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Makavazi ya Kitaifa ya Kenya,
Nairobi.

KUH: HISTORIA YA SIMMERS NA WALIOFANYA KAZI HUMO

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Lindi, Kibera. Alfajiri wengi wetu hushika njia kwa miguu, Laini Saba hadi Mbagathi hadi mjini, kwenda kupika, kuosha vyombo na kubeba sahani katika mikahawa ambayo wenyewe hatuwezi kuketi tukaagiza. Simmers ilikuwa tofauti, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ilikuwa pale Kenyatta Avenue inapokutana na Muindi Mbingu, mkahawa na baa ya hewa wazi, ya Suleiman Murunga, aliyewahi kuwa mbunge wa Kimilili. Uliingia na viatu vyenye vumbi bila kuulizwa unakwenda wapi. Nyama choma ililetwa na ugali na kachumbari, na giza likiingia bendi ilianza kupiga rumba. Rumba ile ilistawishwa mjini na Wakongo miaka ya 1970, Super Mazembe na Les Mangelepa miongoni mwao, wakaifanya Nairobi kwao. Mimi niliisikiliza nikiwa nje, barabarani, kabla sijapata hata pesa ya soda. Siku nilipoketi ndani kwa mshahara wangu mwenyewe sijaisahau.

Usiku mmoja wa Septemba 2018, katikati ya mvutano wa ardhi, tingatinga likaingia. Kulipokucha Simmers haikuwepo. Nani mwenye kiwanja, hilo ni la mahakama, silitii mkono. Ninalolilia ni kwamba hatukubaki na daftari, wala kanda, wala picha iliyowekwa mahali pa umma.

Sasa tazama mwendo mfupi tu kutoka pale, Kimathi Street. Hoteli ya Stanley ilianzishwa na Mayence Bent mwaka 1902. Mkahawa wake wa Thorn Tree ulifunguliwa 1959, na hadi leo wageni husimuliwa habari za mgunga uliobandikwa ujumbe wa wasafiri. Mti wenyewe umeshapandwa upya, lakini kisa chake hakijakatika, kwa kuwa kiliandikwa. Sina kinyongo nacho. Ila enzi ya ukoloni Mwafrika aliingia hoteli za namna hiyo akiwa amebeba trei. Pa kunywea alipangiwa Pumwani, kwenye kilabu cha pombe cha baraza la mji, na faida ikabaki na baraza. Huku Kibera wanawake wa Kinubi walipika pombe yao wenyewe huku polisi wakiwaandama.

Kwa hiyo mtu wa Kibera kuvuta kiti katikati ya jiji, akaagiza, akalipa, akacheza densi, halikuwa jambo dogo. Lilichukua miongo mingi. Historia hiyo haina jengo la mawe la kutundikiwa kibao. Imo vichwani mwa wachoma nyama, maweita, wapiga gitaa na walinzi wa mlangoni, na watu hao wanazeeka. Wengine wameshahamia mashambani. Hata hoteli ya Hilton, iliyosimama tangu 1969, ilifunga milango mwisho wa 2022, na wafanyakazi wake wakatawanyika.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 imekukabidhi kazi ya kutafiti na kuhifadhi turathi za nchi hii. Ombi langu ni moja: tuma watu wenye vinasa sauti wakawahoji waliofanya kazi Simmers na mikahawa mingine ya zamani mjini. Waulizwe walilipwa nini, walipika vipi, nani alipiga muziki usiku gani, walirudije nyumbani saa tisa za usiku. Majibu yawekwe mahali ambapo mtoto wa shule wa Kibera anaweza kuyasikiliza bila malipo.

Naomba mwanzie Lindi, tena Jumatatu, siku ambayo wengi wa watu wa mikahawa hupumzika. Mtawakuta nyumbani.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Lindi, Kibera