Meza Yako Haina Jina la Fundi? Hiyo Ni Shida

Wasee, wacha niseme kitu wengi hamtapenda. Sisi vijana wa Thika na Ruiru tunajua jina la kila kiatu, kila simu, hata la kinyozi. Lakini hiyo meza umewekea laptopu, ile inaonekana kwa kila video yako, ilitengenezwa na nani? Kimya.

Sasa sikia. Kwa jumba la Versailles, Ufaransa, kuna meza ya kuandikia iliyotengenezewa mfalme Louis wa 15. Fundi Jean-François Oeben aliianza 1760. Akafa 1763 kabla haijaisha. Jean-Henri Riesener, aliyekuwa akifanya kazi kwa karakana yake, akaimaliza 1769. Miaka tisa, meza moja! Wote wawili walikuwa wahamiaji waliotoka upande wa Ujerumani, watu wa randa na patasi. Na Riesener aliweka jina lake hapo hapo kwenye mbao. Mfalme alienda zamani, jina la fundi bado linasomwa.

Haikuwa bahati. Karne hiyo, chama cha mafundi wa Paris kililazimisha fundi mkuu agonge muhuri wa jina lake kwa fanicha anayouza. Wakaguzi wa chama walikuwa wanapita karakana. Kazi ikiwa safi, inajulikana ni ya nani. Ikiwa mbovu, pia inajulikana.

Na msiniambie ati hayo ni mambo ya wazungu. Lamu walitengeneza viti vya enzi vya mpingo, vimepambwa kwa pembe za ndovu. Ni wangapi kati yetu wanaweza kutaja hata fundi mmoja wa viti hivyo?

Huku kwetu, fundi wa jua kali anakata mbao, anapiga randa, anapiga msasa juani, halafu unakuja kumwambia apunguze bei nusu. Kisha unaingia dukani, unalipa bei iliyobandikwa bila kuuliza swali, kwa meza ya vumbi la mbao na gundi. Ikimwagikiwa chai, inafura kama mandazi.

Najua komenti zinakuja: "Fundi alinichezea, mbao ilikuwa mbichi, droo zimekwama." Sawa, hutokea. Lakini fundi asiye na jina hana cha kupoteza akikuchezea, na hana cha kupata akikufanyia kazi poa. Jina ndilo linabadilisha hiyo hesabu.

Kwa hivyo, fundi, choma jina lako, mji na mwaka ndani ya droo. Mnunuzi, usimalize kulipa kabla hujaliona. Na sisi watu wa kamera, tumtaje fundi vile tunataja duka la viatu.

Leo jioni inama, angalia chini ya meza yako. Kama hakuna jina na fundi unamjua, mpelekee kalamu.