Mtoto Mchanga Safarini Ziwani

Mama mmoja wa kambini Mbuya, ambaye mumewe amepata likizo, anauliza amfungashie nini mtoto wao wa miezi 7 watakapovuka kwenda visiwa vya Ssese. Ameorodhesha beseni, kigari, mito miwili na kitanda cha kukunja. Dada, hivyo viache nyumbani. Kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka kwa meli ni kama saa tatu na nusu tu.

Chukua nepi za kutosha, sweta na kofia, kwani upepo wa ziwani huuma hata jua likiwaka. Chukua chandarua, na maji yaliyochemshwa. Ya ziwa yana kichocho, usimwogeshe kwayo.

Lakini kilicho muhimu kuliko vyote hakimo katika orodha yako: jaketi la kuokolea maisha, la kadiri ya uzito wa mtoto, lenye ukosi wa kukiinua kichwa na mkanda upitao kati ya mapaja. La mtu mzima litamponyoka. Tarehe 24 Novemba 2018 mashua ya starehe MV Templar, iliyojaza watu kupita kiasi, ilizama karibu na Mukono. Zaidi ya watu 30 walikufa. Basi ulizeni mapema kama chombo kina majaketi ya watoto. Kama hakina, tafuteni lenu. Wala usimfunge mgongoni kwa kitenge mkiwa majini. Mvishe jaketi, umpakate.

Mkikuta chombo kimejaa kupita kiasi, rudini nyumbani. Bwana atanung'unikia siku moja ya likizo.