Adui Aliyenyang'anywa Silaha

Siku moja mama mmoja aliniuliza: "Bwana karani, mtoto wangu ni mzima. Kwa nini achomwe sindano yenye ugonjwa?"

Swali lake ni la haki. Chanjo ya surua kweli ina vijidudu hai vya surua, ila vimedhoofishwa. Mwili huvishinda, na surua yenyewe ikija, humtambua adui mara moja.

Sasa wataalamu wanajaribu njia hiyo hiyo juu ya kuvu. Usidhani kuvu ni ile ya mahindi yaliyolowa tu. Iko nyingine iingiayo mapafuni pamoja na vumbi. Huko Arizona na California, nchini Marekani, kuvu ya namna hiyo huleta ugonjwa uitwao homa ya bonde, nao huwashika watu na mbwa pia. Kati ya 1980 na 1985 watu karibu 2,900 waliingia katika majaribio, nusu yao wakachomwa chanjo ya kuvu iliyouawa. Haikuwakinga.

Basi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona wakasema: kuvu ibaki hai, lakini inyang'anywe silaha. Na msaada ulitoka wapi? Shambani! Ilikwisha julikana kwamba kuvu iunguzayo majani ya mahindi hupungukiwa nguvu ikikosa jeni moja, yaani agizo moja la urithi wake. Wakaliondoa jeni kama hilo katika kuvu ya homa ya bonde. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba mbwa waliochanjwa mara mbili walikingika vizuri.

Kwa watu, bado hakuna chanjo ya kuvu iliyoruhusiwa. Shida moja kubwa ni hii: kuvu hizi huua hasa wale ambao kinga yao imedhoofika. Kwetu Afrika, kuvu iitwayo kriptokokasi hushambulia utando wa ubongo, na imeua wengi wenye Ukimwi. Lakini mtu asiye na kinga aweza kushindwa hata na adui dhaifu. Ndiyo maana yapasa kwenda polepole.

Kwa hiyo, mwenye virusi vya Ukimwi akiumwa kichwa siku nyingi, tena ana homa, asingoje chanjo. Aende hospitali mapema apimwe, dawa zipo.

Na yule mama nilimjibu hivi: "Mama, mpeleke mtoto wako sasa, kwa kuwa ni mzima. Mzima ndiye awezaye kujifunza vita."