Embe Halijapevuka, Unalivumbika la Nini?

Najua wapo watakaouliza, je, huyu naye kapotea njia? Jarida la Kiswahili na homoni za mimea wapi na wapi? Si angepeleka habari zake kwa wale wa chama cha sayansi? Subirini kidogo, wasomaji wapenzi. Nina kesi, na kesi yenyewe siwezi kuitetea kwa lugha nyingine ila hii.

Muhula wa kwanza sisi wa kidato cha tatu tulisoma jinsi mimea inavyokua. Tuliyaimba majina ya homoni hata watoto wa kidato cha kwanza wakayajua kwa kutusikia tu dirishani: auksini, jibereli, saitokini, asidi ya absisiki, ethilini. Mtihani ulipokuja tukaulizwa kazi moja ya ethilini. Nikaandika, "Huivisha matunda." Nikapata alama yangu moja, nikatulia kama maji ya mtungini. Alama moja! Na huko nyumbani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka hapa shuleni, ethilini hiyo hiyo ndiyo inayoamua kama dada yangu atarudi bweni mwezi wa Januari au atakaa nyumbani kuchunga mbuzi.

Sisi tuna miembe, kama watu wengi wa Makueni. Ipo ya Apple, ipo ya Ngowe, na mmoja wa kienyeji ambao embe lake lina nyuzi nyingi kuliko kamba ya mkonge. Desemba iliyopita alikuja dalali, yule tunayemwita broka, na vijana wake wanne na pikapu. Akaitazama miembe, akasema atachuma siku hiyo hiyo. Mama akamwambia, "Lakini haya bado. Ngoja hata wiki tatu." Broka akacheka kwa adabu zake zote, akasema, "Mwaitu, usiwe na shaka. Yataivia njiani."

Yataivia njiani! Neno hilo lilinikaa kichwani mpaka muhula ulipofunguliwa. Mama aliuza. Angefanyaje? Mlango wa shule hufunguliwa Januari, na embe la Apple lililochanua Agosti halijamaliza kazi yake Desemba ya mwanzoni. Embe huchukua miezi mitatu hadi mitano tangu ua mpaka likamilike, kutegemea aina na hali ya hewa. Karo haijui kuhesabu miezi hiyo.

Sasa nije kwenye Kiswahili chenyewe. Lugha yetu ina maneno mawili ambayo watu huyachanganya kila siku sokoni: kupevuka na kuiva. Tunda lililopevuka ni lile lililokwisha kukua likatimia, ingawa bado ni gumu na kijani kibichi. Tunda lililoiva ni lile lililolainika, likapata utamu na harufu. Mtu wa pwani hawezi kukuuzia dafu akasema ni nazi, kwa maana wao wana kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, na kila jina lina hatua yake. Sisi wa bara tumepewa maneno mawili tu ya embe na hata hayo mawili yametushinda. Broka alisema maembe yataiva, jambo ambalo ni nusu ya kweli. Hakusema hayajapevuka, na hapo ndipo uongo ulipojificha.

Hebu tuone mambo yanavyokwenda ndani ya tunda. Homoni ni kemikali ambayo mmea huitengeneza wenyewe, kiasi kidogo mno, ili kuziamuru sehemu zake zifanye hili au ziache lile. Nyanya yangu, ambaye sisi humwita susu, anakaa ng'ambo ya mto Athi upande wa Kitui, na hajawahi kusikia neno auksini maishani mwake. Lakini kila akichuma mboga ya kunde hukata ncha, na anajua kwamba kunde iliyokatwa ncha hutoa matawi ya pembeni mengi. Kumbe ncha ile ndiyo inayotengeneza auksini ya kuyazuia matawi yasichipuke! Ukiiondoa, amri inaondoka, matawi yanajiachia. Susu amekuwa akicheza na homoni kabla mwalimu wetu wa bayolojia hajazaliwa.

Ethilini nayo ni ya ajabu kuliko zote kwa sababu ni gesi. Mwaka 1901 Mrusi mmoja, Dimitri Neljubov, aliona miche ya njegere katika maabara mjini St. Petersburg ikikua kwa kulala upande badala ya kusimama. Alichunguza akagundua kwamba ni gesi ya taa iliyokuwa ikivuja, na ndani ya gesi hiyo mlikuwa na ethilini. Baadaye, mwaka 1934, Richard Gane huko Uingereza akathibitisha kwamba matunda yanayoiva huitoa gesi hiyo yenyewe. Ndiyo kusema embe hupumua amri, na embe la jirani likaisikia. Likishaisikia nalo huanza kutengeneza ya kwake, kwa wingi zaidi, kama moto wa nyika unavyoshika kutoka nyasi hadi nyasi. Nafikiri wahenga walipokuwa wakisema samaki mmoja akioza huoza wote, wangalikuwa watu wa Makueni wangalisema embe.

Je, amri yenyewe inasemaje? Inasema: wanga, geuka sukari, ukijani wa ganda, toweka, nyama ya tunda, lainika, uchachu, pungua, harufu, toka nje. Tazama vizuri amri ya kwanza. Wanga, geuka sukari. Wanga gani? Ni ule ambao majani ya mwembe yaliutengeneza kwa jua na maji, yakautuma kwenye tunda siku baada ya siku mpaka tunda likapevuka. Homoni haileti chakula. Homoni ni kama kengele ya saa saba hapa shuleni: inatuita mezani, lakini kama mpishi hakupika githeri, hata ukiipiga mpaka ipasuke hatutashiba.

Hapo ndipo lilipo kosa la embe la mapema. Ukilichuma kabla ya wanga kujaa, kisha ukalilazimisha, zile amri nyepesi zitatekelezwa. Ganda litakuwa la manjano, nyama italegea kidogo. Utamu hautakuja kwa sababu haukuwekwa. Na ukisha kulikata kwenye kikonyo, mwembe hauna njia nyingine ya kukuletea.

Machungwa yetu, ambayo pia tunayo tele, yana adabu tofauti. Chungwa likishachumwa halizidi utamu hata siku moja, vumbika usivumbike. Embe, ndizi, papai, parachichi na nyanya ndiyo matunda ambayo huendelea kuiva baada ya kuchumwa, na neema hiyo ndiyo inayotumiwa vibaya.

Maana sasa kuna kabaidi. Mmeiona kwa mafundi wa kuchomelea vyuma: mawe ya kijivu ambayo yakipata maji hutoa gesi yenye harufu mbaya, ikawashwa ikatoa mwali mkali. Gesi hiyo huitwa asetilini. Si ethilini, lakini inafanana nayo kwa umbo hata tunda likadanganyika na kulitii agizo lake. Wafanyabiashara wengine hufunga vipande vya kabaidi kwenye karatasi, wakaviweka katikati ya maembe, unyevunyevu wa matunda ukafanya kazi ya maji. Kesho yake au keshokutwa shehena yote ni ya manjano. Tatizo ni kwamba kabaidi ni bidhaa ya viwandani, haikutengenezwa ije mezani. Aghalabu huwa na chembechembe za aseniki na fosforasi, na aseniki ni sumu. Isitoshe, huwachoma ngozi na macho wale vijana wanaoishika kwa mikono mitupu. Nami siwaoni vijana hao kuwa wakora. Ni watu wa rika la kaka zangu, wanalipwa kwa siku, na hakuna aliyewaambia.

Sikutaka kuandika maneno matupu, kwa hivyo mwezi wa Februari, tukiwa na matunda ya mwisho, nilichukua maboksi matatu. Katika la kwanza niliweka maembe sita ya Apple yaliyopevuka, pamoja na ndizi mbivu mbili. Katika la pili maembe sita mapevu bila ndizi. La tatu, maembe sita machanga kutoka tawi lililochelewa kuchanua, nayo nikayapa ndizi mbili. Nikafunika yote, nikayaweka chini ya kitanda. Siku ya nne boksi la kwanza lilinitoa usingizini kwa harufu. La pili lilifika siku ya nane, tamu vilevile. La tatu, siku ya tano maembe yalikuwa na madoa ya manjano kama yametiwa rangi, yamenyauka karibu na kikonyo, na ndani ni meupe. Ndugu yangu mdogo, ambaye hula hata kwaju bila sukari, alionja moja akalirusha kwa mbuzi.

Basi ndizi mbivu mbili zilifanya kazi ya kabaidi, bila sumu, na zikaliwa. Susu yeye hata ndizi hanunui. Huyatia maembe kwenye kyondo, akayafunika kwa nyasi kavu na kuyaweka penye joto karibu na jiko. Gesi inayotoka kwenye maembe yenyewe haipati pa kwendea, inazunguka humo humo. Nilipomweleza hayo alinitazama akaniuliza, "Na mwalimu wako ndiyo amejua leo, mjukuu wangu?"

Nasikia wengine wakisema, wewe mtoto, ukingoja embe lipevuke nzi watalimaliza. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Nzi wa matunda aliyetoka Asia alionekana hapa Kenya mwaka 2003, na tangu hapo amewatia wakulima hasara isiyosemeka. Huweka mayai ndani ya tunda, na funza wakaanza kula kabla yako. Lakini kuna mitego ya kuwanasa madume, na kuna kuokota kila tunda linaloanguka na kulizika au kulifunga ndani ya mfuko mweusi na kuuanika juani. Sisi maembe yaliyoanguka tuliyaacha chini ya miti mwezi mzima. Huo ulikuwa uvivu wetu, na mimi nikiwemo.

Wanunuzi nao wasijione watakatifu. Mtu wa mjini huchagua embe kwa macho, anataka rangi tu. Angetazama mabega! Embe lililopevuka huinua mabega yake yakapita pale kikonyo kilipoingia, na likitumbukizwa ndani ya ndoo ya maji huelekea kuzama, changa huelea. Hayo ni mambo ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kumwonyesha mama yake kwa dakika mbili. Kule Kalamba kuna kiwanda cha matunda cha kaunti yetu, kilichoanza mwaka 2017, ambacho hukamua maembe kuwa rojo. Huko ganda hutupwa, kinachotakiwa ni kilichomo ndani. Laiti soko lote lingenunua hivyo.

Nina neno pia kwa shule zetu za huku, na naomba lisichukuliwe kuwa utovu wa adabu. Mvumilivu hula mbivu, tunafundishwa hivyo kila mwaka. Lakini karo ya Januari huvuna maembe ya Desemba, na mzazi hawezi kuvumilia peke yake wakati mwanawe anarudishwa nyumbani siku ya kwanza. Kama shule katika sehemu hizi zenye miembe zingekubali pesa za chakula na karo ziletwe Februari, wakati maembe yamekamilika na bei yake ni ya embe kweli, broka asingekuwa na nguvu ya kusema yataivia njiani. Ni wiki chache tu. Naiomba bodi ya wazazi ilifikirie jambo hilo kabla ya mwaka kwisha.

Na walimu wetu wa bayolojia na kilimo, tafadhali, somo la homoni mwakani lifanyiwe chini ya mwembe. Watufundishe kwa Kiingereza cha mtihani, sawa, kisha watupe na maneno ya kwenda nayo nyumbani. Mimi ilinichukua siku tatu kumweleza mama habari ya ethilini, na aliponielewa ni pale nilipoacha kusema ethilini nikasema, "Mama, halijapevuka, halina cha kuivisha."

Sasa ninapoandika haya miembe yetu imechanua, nyuki wamejaa, na Ngowe ulio karibu na jiko umeanza kushika vijitunda vya ukubwa wa kunde. Mama amekubali kwamba mwembe huo na mwingine mmoja hautaguswa mpaka mabega yajae. Ile mingine hajasema lolote. Broka amekwisha kupiga simu mara mbili.